Aliyetajwa Mara Mbili

Kisa hiki sikukiokota njiani. Nimekipata kwa bibi yangu, naye alikipata kwa Kahonzi mwenyewe, aliyekuwa yaya katika nyumba yalimotokea haya na kuishi nao kama mtu wa kwao. Wapo watu wa Malindi watakaokuambia ni uzushi mtupu. Waache. Nyumba ilikuwa mtaa wa maduka, si mbali na forodha, na waliopanga humo baadaye hawakukaa sana.

Mwenye nyumba alikuwa Banyani mmoja jina lake Jamnadas, muuza nguo na mafuta ya taa, mnunuzi wa simsim ya Magarini. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema, maana ukisikia yaliyompata utamtafutia dhambi na hutaiona. Ila alikuwa mtu wa kauli moja: akishasema, amesema. Mkewe aliitwa Sharda, na mtoto wao alikuwa mmoja tu, Ramila, wa miaka minane, mwenye maneno mengi na magoti yasiyokosa kidonda.

Mwaka ule, miaka mitatu kabla ya vita vya Mjerumani, Jamnadas alikuwa amekwisha wapa neno watu wa Porbandar kwamba Ramila atapelekwa akalelewe kwao, awe mkwe wao akikua. Meli ilikuwa iondoke Mombasa baada ya siku kumi na mbili. Sharda alilia, akagoma kula, akamshika mumewe miguu. Yeye mwenyewe alitolewa kwa mamake akiwa na miaka tisa, akavushwa bahari, na sasa hata sura ya mamake haikumbuki. Alichobakiwa nacho ni harufu ya mafuta ya nywele. Jamnadas akamwambia kwa upole kabisa kwamba ndivyo mabinti wanavyokwenda, na mbona yeye hakufa. Upole ule ulimchoma Sharda kuliko kofi. Alimchukia mumewe tangu saa ile, na hakumwonyesha.

Basi asubuhi ya pili ya Diwali, sikukuu yao ya taa, duka limefungwa, Ramila akamwomba babake kitu kimoja kabla ya safari: akaone mamba wa Fondo.

Fondo alikuwa Mgiriama wa makamo, mkavu, mwenye sauti ndogo. Huko Sabaki mto ulikuwa umehama njia zamani na kuacha ziwa nyuma yake, naye Fondo akalizungushia boriti. Ndani mlikuwa na mamba sita au saba, na ukingoni meno yao yaliyong'oka, maana mamba huota meno mapya maisha yake yote. Watu wa mji siku za sikukuu walikwenda na watoto wao kuwatazama wakilishwa, wakala vyakula vyao kivulini, wakarudi jioni. Wengine wakisema ni mchawi. Yeye hakubisha wala hakukubali.

Wakapanda gari la punda mapema, na kapu la mikate, achari na sukari guru. Dini ya Jamnadas haikumruhusu kuua, kwa hiyo hakuchukua kuku wala mbuzi wa kuwalisha mamba. Alibeba madonge ya unga, kama walivyozoea kulisha samaki wa bwawa la hekalu huko kwao. Kahonzi alipouliza kama mamba hula unga, bwana akacheka, akasema kila kiumbe hula kikipewa kwa moyo mzuri. Ilikuwa safari ya furaha. Kahonzi alimfundisha Ramila wimbo wa Kigiriama, na mtoto akaukosea makusudi njia nzima ili afinywe shavu.

Fondo aliwapokea langoni, akasalimiana nao vizuri, kisha akawaeleza mila ya pale. Kila anayeingia hutajwa jina lake na mwanamke wa nyumba yake. Mtu hajitaji mwenyewe, wala hatajwi na mgeni. Fondo hulipokea jina, akaliita mbele ya maji, na mwenye jina akaitika. Aliyetajwa akaitika ni mgeni, atarudi kwao. Asiyetajwa, basi.

Jamnadas akauliza, basi nini. Fondo akasema basi tu.

Kahonzi akamtaja bibi yake, Sharda. Sharda akamtaja Kahonzi, akamtaja na Ramila. Fondo akaelekeza kidevu kwa Jamnadas.

"Na bwana huyu?"

"Baba Ramila," Sharda akasema.

"Hilo jina la mtoto. Lake yeye nani?"

Hapa inafaa ujue jambo moja. Kwa kina Sharda, mke halitamki jina la mumewe. Huita baba fulani, au yule, au hukohoa tu akasikiwa. Kulitamka ni kumpunguzia mume siku za kuishi, ndivyo walivyofunzwa, na Sharda katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kulitia kinywani. Kwa hiyo mara ya kwanza ulikuwa ni ulimi tu, ulimi uliozoea. Lakini Fondo alipouliza tena, Sharda alimtazama usoni akaona kwamba mtu huyu hafanyi mzaha. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Siku kumi na mbili. Asipokuwapo baba, hakuna safari.

Kahonzi alikuwa amefungua mdomo amsaidie. Jina la bwana alilijua, mji mzima ulilijua. Sharda akamkamata mkono chini ya ncha ya sari, akamfinya mpaka kucha zikazama. Kahonzi akanyamaza. Akasema baadaye kwamba hakujua ananyamazia nini, lakini alikuwa akisema hivyo huku anatazama chini.

"Baba Ramila," Sharda akarudia, polepole.

Mara ya kwanza ilikuwa mazoea. Mara ya pili alijua. Mimi simtetei.

Na Jamnadas je? Jamnadas alifurahi mno. Akamwambia Fondo kwa majivuno kwamba mke wake hajalitaja jina lake tangu siku ya harusi, na hatalitaja leo kwa ajili ya mijusi. Fondo akamwomba, kwa adabu, abaki nje ya boriti. Jamnadas akamuuliza tangu lini mchunga mamba akamkataza mtu kuingia na mtoto wake. Akaingia.

Fondo akasogea ukingoni, akaita kwa ile sauti yake ndogo. "Sharda." Sharda akaitika. "Kahonzi." Kahonzi akaitika. "Ramila." Mtoto akaitika abee huku anacheka, akatiwa kipande cha sukari guru mdomoni atulie.

Fondo akayatazama maji. Kisha akaita tena.

"Ramila."

"Abee," ikaitika sauti ya mtoto.

Sharda alidhani ni binti yake. Lakini Kahonzi alikuwa amemkumbatia Ramila kwa nyuma, shavu kwa shavu, na Ramila alikuwa akimumunya sukari guru. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Kwa muda hapakuwa na lolote. Mamba walilala tu kwenye matope, vinywa wazi, kama vitu vilivyosahauliwa na mtu. Jamnadas akatupa donge la kwanza. Likaelea. Akatupa la pili. Akasogea karibu ili Ramila aone. Jua lilikuwa kali na ndege walikuwa wakipiga kelele kwenye matete.

Ndege wakanyamaza.

Maji yalimfika Jamnadas gotini kabla hajajua kwamba ameshikwa. Hakupiga kelele. Alitazama mguu wake kwa mshangao, kisha akamtazama mkewe. Mamba alikuwa hamvuti kwa haraka. Alimvuta hatua, akasimama. Hatua, akasimama. Alikuwa anangoja. Fondo pale alipo akamwambia Sharda bila kuinua sauti: "Mtaje sasa. Atamwacha."

Jamnadas alisikia. Majivuno yote yalikuwa yamemtoka.

"Nitaje," akasema. "Nitaje, mama Ramila."

Sharda akaichukua ncha ya sari yake, akajiziba mdomo.

Maji yalimfika kifuani. Yakamfika shingoni. Hakuondoa macho kwa mkewe hata mara moja. Kisha maji yakafunga, na madonge ya unga yakaendelea kuelea pale pale. Ramila alikuwa akilia kifuani kwa Kahonzi. Fondo akafungua lango, akawahesabu kwa kidole walipotoka.

"Wametajwa wanne," akasema. "Wametoka watatu. Mmoja atafuata."

Askari wa Liwali walikwenda na miti mirefu wakalikoroga ziwa siku mbili. Hawakupata hata kitambaa. Mashahidi walisema marehemu alikatazwa akakaidi, na ndivyo ilivyoandikwa. Mji ukamsifu Sharda, kwamba mume anakwenda na maji lakini mke hakuvunja mwiko, hilo ndilo malezi. Alivunja bangili zake, akavaa nyeupe kama wajane wa kwao, akapokea pole na sifa pamoja. Akaja kutoka Mombasa shemeji yake, Anantrai, akakaa matanga mpaka siku ya kumi na tatu, akasema watu wa Porbandar wamekwisha sikia kwa telegramu, na hawamtaki tena binti mwenye mkosi. Sharda akainamisha kichwa kana kwamba amevunjika moyo. Moyo wake ulikuwa unacheza. Alikuwa na mtoto wake, na hakuna mtu duniani wa kumchukua. Akaionea haya furaha yake, lakini alikuwa nayo.

Anantrai aliondoka asubuhi. Baada ya chakula cha mchana, Kahonzi alikuwa uani akimsuka Ramila nywele. Mlango wa nyuma ukagongwa, kidogo tu, chini. Sharda akaenda kufungua.

Alikuwa Ramila. Gauni la ile siku ya Diwali, limelowa mpaka kiunoni. Kidonda kile kile gotini.

"Nimerudi, Mama," akasema. "Mbona hamkunisubiri?"

Sharda akageuka. Uani, Ramila alikuwa ameinuka kutoka kati ya magoti ya Kahonzi, nywele zimesukwa upande mmoja. Watoto wakatazamana. Hakuna aliyeshtuka. Yule aliyelowa akapita, akaketi kando ya mwenziwe kwenye mkeka, akalaza kichwa tayari kwa kusukwa.

Kahonzi ndiye aliyesema, na alinong'ona. "Bibi. Ulimtaja mara mbili. Jina lake ukalitoa tena kwa ajili ya babake."

Wakafunga milango. Mtaani wakasema Ramila ana ndui, watu wasije. Siku ya kwanza ilikuwa rahisi kuwajua, maana aliyetoka majini alimeza mkate bila kutafuna. Siku ya pili Kahonzi akamfunga wa kwanza uzi mwekundu mkononi. Asubuhi wote wawili walikuwa na uzi mwekundu. Siku ya tatu, chakulani, wote wawili walimeza bila kutafuna, na wakamtazama mama kama wanaongoja kusifiwa. Watoto huigana. Sharda akajua amempoteza wake ilhali yumo mle mle ndani, anapumua mbele yake.

Mwezi ulipokaribia kuisha, Kahonzi akaenda kwa Fondo kwa miguu. Alirudi na maneno machache. Jina moja halikaliwi na wawili. Mwezi ukiandama mmoja atamla mwenziwe, na atakayebaki si yule wanayemtaka. Dawa ni moja: Sharda amrudishe mmoja ziwani, asimtaje.

"Yupi?" Sharda akauliza.

"Amesema ziwa halichagui. Likipewa litapokea."

Zilibaki siku mbili mwezi uandame. Kahonzi ndiye aliyepata njia, na mpaka anakufa alijilaumu kwa akili ile. Ziwa, alisema, halikuambiwa jina la bwana. Hakuna aliyelitaja pale. Basi anayelijua jina la babake ndiye wetu, na asiyelijua ndiye wao.

Sharda akawaita mmoja mmoja chumbani. Wa kwanza aliulizwa, baba yako aliitwa nani. Akajibu hapo hapo, bila kufikiri, "Jamnadas." Wa pili alipoulizwa, akatazama sakafu. Sharda akauliza tena. Mtoto akawa anavuta uzi wa gauni lake. Akauliza mara ya tatu, akimshika mabega, akimtikisa. Machozi yakamtoka mtoto, lakini jina halikutoka.

Sharda akamwachia. Akahisi mwili mzima umekuwa mwepesi. Usiku ule alilala na yule aliyejibu kifuani kwake, na yule mwingine wakamfungia stoo, penye magunia ya simsim. Aligonga mpaka alfajiri. Alikuwa anagonga taratibu, kwa adabu, kama mtoto asiyetaka kuwaudhi wakubwa.

Asubuhi wakaenda wote wanne, maana Kahonzi alikataa kubaki peke yake na yeyote kati yao. Yule aliyejibu aliachwa na Kahonzi kwenye gari, nje ya boriti. Kahonzi akamtaja Sharda langoni, Sharda akaitika, akamshika mkono yule wa stoo akaingia naye. Mkono ulikuwa wa moto, umetoka jasho, na ulimshika sana. Sharda alijiambia kwamba ni hila.

"Nani huyu?" Fondo akauliza.

Sharda akakaa kimya.

"Nani huyu, bibi?"

Kimya.

"Mama," mtoto akasema, "mwambie."

Sharda akamsogeza mpaka ukingoni, akaifungua mikono yake kidole kimoja kimoja, akarudi nyuma hatua saba. Ndege walikuwa wamekwisha nyamaza. Kwenye matope hapakuwa na mamba hata mmoja. Wote walikuwa wamekwisha ingia majini. Mtoto hakukimbia. Alisimama pale alipowekwa, kwa sababu mamake ndiye aliyemweka.

"Mama, jina la Baba nalijua," akasema. Sauti ilikuwa inatetemeka. "Jamnadas. Wewe hukulitaja hata pale, na watu wote wakakusifu. Nikaona nami nisilitaje."

Sharda alielewa mara moja, yote, mpaka mwisho. Kila mtu aliyepita nje ya mlango wao uliofungwa alikuwa amelitaja jina lile: wachukuzi, wateja, waliotoa pole kwa mbali. Sikio lolote lililokuwa ndani ya nyumba lingelijua. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kufunzwa kulinyamazia, naye ni binti yake mwenyewe.

Maji yakasogea. Mtoto alivutwa hatua moja, akasimama. Mamba alikuwa anangoja, kama siku ile.

Safari hii Sharda alitaja. Alitaja kwa nguvu zake zote, kwa koo lililopasuka.

"Ramila!"

Mtoto majini akafungua kinywa aitike.

"Abee, Mama," ikaitika sauti tulivu kutoka kwenye gari, nyuma yake.

Fondo akalielekea ziwa. "Ramila ameitika," akasema. Na maji yakafunga.

Kahonzi hakuondoka katika nyumba ile, ijapokuwa alitamani. Alisema alikaa kwa ajili ya Sharda, ambaye tangu siku ile hakulitamka jina lolote la mtu, la aliye hai wala la maiti. Binti alikuwa mzuri, mtiifu, hodari wa jikoni. Akiitwa na mtu, aliitika kabla jina halijakwisha. Alilala na mama kitanda kimoja kila siku, mkono wake juu ya kifua cha mama, na Sharda alilala chali, macho wazi. Ndicho alichokitaka. Mtoto hakumwacha hata dakika moja.

Sharda alikufa katika ile homa kubwa iliyokuja baada ya vita. Binti alikuwa na miaka kumi na mitano. Wanawake wa mtaani walikuja kusaidia, bibi yangu akiwa mmojawao, akamkuta binti ameketi na wafiwa, ncha ya shela mdomoni, anapokea pole kwa adabu zote. Kahonzi akafungua sanduku la marehemu kutafuta sari safi nyeupe ya kumvisha. Chini kabisa, limefungwa kwa kitambaa mafundo matatu, akakuta kopo la biskuti, zito. Akamwita bibi yangu walifungue pamoja.

Lilikuwa limejaa meno. Meno ya mtoto, meupe, madogo, kila moja limeviringwa kwenye kipande cha kitambaa cheupe, kama mama anavyomtunzia mwanawe jino la kwanza. Mtoto huota meno ya utotoni ishirini, yakang'oka, yakaisha. Bibi yangu alihesabu mpaka mia tatu, akaacha, na kopo lilikuwa halijafika nusu. La juu kabisa lilikuwa bado bichi kwa damu.